Mikono Mitupu Kutoka Bustani ya Kindi

3 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Daktari amesema nikiandika kila siku akili haitachoka upesi. Akili yangu haijachoka. Iliyochoka ni miguu, na miguu haiandiki. Lakini sitaki aseme nimekataa dawa isiyolipiwa, basi naandika. Nilisoma miaka tisa tu, kisha nikapandishwa treni pamoja na wasichana wenzangu kwenda kusokota nyuzi kiwandani. Atakayeona herufi zimepinda humu asijisumbue kuzinyoosha.

4 Oktoba
Mvua. Sina la kusema.

5 Oktoba
Leo ninalo.

Mjukuu wangu Ichika ana miaka tisa. Tangu aanze shule tunamwahidi safari ya Bustani ya Kindi, ile bustani kubwa ya michezo karibu na Tokyo. Darasani kwao wamebaki wawili ambao hawajafika, yeye na mtoto wa kuhani wa hekalu. Mwaka juzi tuliahirisha. Mwaka jana tukaahirisha. Leo tukiwa mezani mkwe wangu Satomi akaweka vijiti vya kulia chini, akasema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Mama, nimepiga hesabu. Naona mwaka huu pia tutashindwa."

"Nauli imepanda?"

"Nauli tunayo."

"Hoteli?"

"Hoteli tumeshalipia nusu."

"Sasa nini?"

"Zawadi."

Mwanangu Tatsuya akainamia bakuli lake kama mtu aliyeangusha kitu ndani ya supu. Satomi akaanza kuhesabu kwa vidole. Nyumba kumi na mbili za kitongoji, kila nyumba mkebe wa biskuti, tena mkubwa, kwa sababu jirani yetu Bi Hatsuyo alipotoka huko alileta mikubwa. Wenzake wa kazini, kule anakotunza wazee. Wenzake Tatsuya kiwandani. Mwalimu wa Ichika. Wazazi wake mwenyewe, dada zake, na majirani wa wazazi wake.

"Majirani wa wazazi wako! Watu ambao hata sura zao sizijui."

"Wakisafiri wanatuletea, Mama."

Vidole vikamwishia, akarudia mkono wa kwanza. Jumla yake ilipita nauli na hoteli vikiwekwa pamoja. Nikamwuliza, kwa hiyo tunakwenda kumchezesha mtoto au kuwa wachukuzi wa biskuti? Akasema ndiyo desturi. Nikamwambia, "Tutakwenda, na hatutaleta kitu. Hata mkebe mmoja. Anayetaka biskuti, duka liko barabarani."

Satomi akacheka akiziba mdomo. Alidhani natania.

Ichika hakudhani hivyo. Alinisogezea kipande chake cha samaki.

6 Oktoba
Jua. Satomi ameniuliza asubuhi kama jana nilikuwa natania. Nimemwambia sitanii kabla ya chai, wala baada yake.

10 Oktoba
Hapa ukinunua begi la safari leo, kesho kutwa kitongoji kizima kinajua unakokwenda. Bi Hatsuyo amekuja. Yeye ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na mfereji tu, na tunazozana tangu tulipoletwa hapa maharusi, sote mwaka uleule. Alisimama mlangoni na bahasha nyeupe mikononi, ile ya kuwaaga wasafiri, jina letu limeandikwa kwa wino na brashi. Noti zilizomo ni mpya, hazina hata mkunjo.

"Ni kidogo tu, Bi Kikue. Mtoto anunuliwe aiskrimu."

"Aiskrimu anayo kwenye friji."

"Jamani, pokea! Wala msihangaike kutuletea kitu. Msilete kitu kabisa."

Ukimpa mtu bahasha ya safari umemfunga kamba mguuni. Huko aendako lazima anunue kitu cha nusu ya hela hiyo, akibebe milima na mabonde, aje akukabidhi ameinama. Kila mtu hapa anajua hivyo, na kila mtu husema msilete kitu, kama mtu anayekukaribisha chakula huku anafunika sufuria.

Nikamrudishia mkononi. Akaiacha juu ya kabati la viatu akaondoka mbio mbio, na goti lake hilo bovu. Nikamfuata nayo mpaka mferejini.

12 Oktoba
Bahasha imeonekana katika sanduku letu la barua. Nimeihamishia katika sanduku lake.

15 Oktoba
Satomi amenionyesha kwenye simu kwamba kule Bustani kila mtu huvaa masikio ya kindi kichwani. Masikio hayo yanauzwa langoni kwa bei ya kilo mbili za nyama. Kilo mbili, kwa utepe na pamba! Nimechukua shali la sufu la marehemu mume wangu, nimelikata, nimeshona jozi nne.

Tatsuya akasema, "Mama, mimi nina miaka arobaini na minane."

Nikamwambia, "Kindi haulizwi umri. Inamisha kichwa."

Ichika nimempa hela yake na sheria yangu moja. Siku ya kwanza ni ya kutazama, siku ya pili ni ya kununua, na kitu ni kimoja. Kitu kikilala usiku mzima na bado unakitaka, kinunue.

21 Oktoba
Kaki za mti wetu zimekomaa, zimejaa ukakasi kama inavyotakiwa. Tumemenya ndoo tano na kuzitundika kwa kamba chini ya paa zikauke. Bi Sadae, mjane wa nyumba iliyo juu yetu mteremkoni, alikuja kusaidia. Ni mwanamke wa maneno machache. Tulipofika ndoo ya tatu akauliza, "Ni kweli mnakwenda na hamtaleta kitu?"

"Kweli."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Akamenya kaki nzima, ganda halijakatika, ndipo akasema, "Hm." Satomi akawa mwekundu kuliko kaki. "Mama anatania, Bi Sadae. Mama anapenda utani."

Mkwe wangu huyu ni laini kama tofu, ile jibini ya soya. Kila anayempitia anamwachia alama ya kidole. Nimemwambia hivyo baada ya mgeni kuondoka, naye akaendelea kuosha visu.

28 Oktoba
Usafi wa ukumbi wa kitongoji. Bi Hatsuyo akanitolea ile bahasha mara ya tatu, mbele ya wanawake wote. "Na msilete kitu," akasema, "nasema mbele za watu."

"Asante," nikamwambia. "Nimesikia, na hawa wote wamesikia."

Wanawake wakacheka. Nikamtumbukizia bahasha katika mfuko wa aproni yake, nikaendelea kupiga deki.

3 Novemba
Kesho safari. Baridi. Satomi amepiga pasi nguo mpaka soksi.

5 Novemba, ndani ya treni, tukirudi
Naandika treni ikikimbia. Ichika amelala mapajani kwangu, masikio bado kichwani.

Bustani ni kubwa, ina kelele, na vyoo vyake ni visafi. Niseme ukweli, ni pazuri. Tulikula matonge yetu ya wali nje ya lango, kwenye mabenchi, kwa sababu ndani hawaruhusu chakula cha nyumbani. Kisha tukaingia tumeshiba, tukawapita watu waliopanga foleni ya soseji. Kuna treni inayopanda mpaka mawinguni halafu inatumbukia. Nilipanda mara mbili. Tatsuya alipanda mara moja, sikio lake moja likaruka, na mpaka sasa halijulikani lilikotua.

Kila duka Ichika alisimama. "Bibi, hii?" "Itazame." "Na hii?" "Itazame vizuri." Jana alitaka vitu kumi na kitu. Leo alivirudia vyote, akakishika kimoja kimoja, akasema, "Sikumbuki nilikuwa nakipendea nini hiki." Mwisho akanunua filimbi yenye kichwa cha kindi. Ameipuliza mpaka baba yake amejuta kuzaa.

Sasa niandike lile lililotokea.

Ilipobaki saa moja tuondoke, Satomi hakuonekana. Alisema anakwenda msalani. Nikangoja. Nikaona hakuna msala wa kumkalisha mtu muda huo, nikaenda kumtafuta. Nikamkuta katika duka kubwa la langoni, yuko kwenye foleni, amekumbatia kapu, mikebe ya biskuti imempanda mpaka kidevuni.

"Rudisha," nikasema.

Watu wakageuka. "Mama, taratibu. Watu."

"Watu hawa hawakujui wala hutawaona tena. Rudisha."

Satomi akaweka kapu chini, katikati ya foleni. Ameishi nyumbani kwangu miaka kumi na minne, na sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku alipojichoma kwa mafuta. Leo aliipaza.

"Mama, wewe ukikosa adabu, watu wanasema Bi Kikue ndivyo alivyo. Mimi nikikosa, wanasema mkwe wa nyumba ile hakulelewa. Wewe una miaka sabini na saba. Utakufa! Mimi nitabaki na Bi Hatsuyo ng'ambo ya mfereji, na binti zake, na wakwe zake. Theluji ikifunga mlango nani atakuja na koleo? Siku ya msiba wako nani atapika nami jikoni? Umewahi kuliwaza hilo?"

Sikuwa nimeliwaza.

"Na kazini. Unajua nani anaogesha wazee wangu leo? Nozomi. Ana mimba ya miezi sita, na amebeba zamu zangu zote mbili bila kununa. Kesho nikamwonyeshe masikio ya shali?"

Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Mama mmoja nyuma yetu akauliza polepole kama tunasonga au hatusongi. Nikamwambia apite, yeye na biskuti zake. Nikamvuta Satomi pembeni, karibu na sanamu la kindi.

Nikamtazama uso. Kumbe huyu hakuogopa maneno ya watu kama nilivyodhani. Alikuwa anapiga hesabu ya maisha yake mimi nikiwa sipo, na alikuwa ameipiga peke yake, miaka yote.

Nikasema, "Huyo Nozomi, mnunulie. Chukua mkebe mkubwa kuliko yote. Nalipa mimi. Mtu aliyeinamisha mgongo kwa ajili yako hapewi masikio ya shali."

Akavuta kamasi.

"Sasa niambie. Katika nyumba zile kumi na mbili, nani amebeba mzigo wako siku hizi mbili?"

Akafikiri kweli kweli. "Hakuna."

"Basi wale niachie mimi. Nitakwenda kwa miguu yangu, mlango kwa mlango, niseme Satomi alitaka kununua na mimi ndiye niliyemkataza. Wakitukana wanitukane mimi."

"Watanitukana mimi hata hivyo, Mama."

"Basi tutatukanwa wawili."

Hakucheka. Akalifuata kapu, akairudisha mikebe rafuni, mmoja mmoja, picha zimeelekea mbele, kama duka ni lake. Akabakiza mmoja. Tatsuya alipokuja akaelezwa, akasema wenzake kiwandani hawali biskuti, watapewa kaki zetu zikikauka. Ni maneno yake ya kwanza ya maana tangu Ijumaa. Wazazi wa Satomi tutawapelekea gunia la mchele wetu mpya, na mtoto akawapulizie filimbi.

6 Novemba
Nimezunguka nyumba zote. Nilivaa koti la kwenda hekaluni na mikono niliiacha nje ya mifuko, ionekane. Kila mlango nilisema maneno yaleyale: tumerudi salama, mlisema tusilete kitu, hatukuleta, na aliyekataza kununua ni mimi. Wengi walisema, "Ah, wala hukuwa na haja ya kuja!" huku macho yanapapasa nyuma ya mgongo wangu.

Bi Hatsuyo alitazama mikono yangu, akatazama barabarani kama Satomi anakuja na mzigo.

"Mmefika salama?"

"Salama."

"Bustani nzuri?"

"Nzuri. Ulisema tusilete kitu."

"Ndiyo, nilisema."

"Mara tatu."

"Mara tatu," akasema, akafunga mlango taratibu. Hatsuyo akiubamiza mlango, hasira imekwisha. Akiufunga taratibu, jiandae.

7 Novemba
Satomi amerudi kutoka kazini. Nozomi aligawa biskuti kwa zamu zote na mkebe ameuchukua wa kuwekea nyuzi. Vema.

12 Novemba
Ubao wa matangazo haujafika. Kila wiki huzunguka nyumba kwa nyumba, unasoma, unapiga muhuri, unampelekea jirani. Kwetu hutoka kwa Bi Hatsuyo, nasi tunaupeleka kwa Bi Sadae.

15 Novemba
Ubao haujafika. Nimemwona Bi Hatsuyo kwa macho yangu. Ameukumbatia kifuani, amepita mbele ya lango letu, amekwenda nao moja kwa moja kwa Bi Sadae.

19 Novemba
Leo ilikuwa siku ya kusafisha mfereji kabla ya theluji. Iliandikwa kwenye ubao, sisi hatukuusoma. Tulipotoka walikuwa wameshamaliza. Walizoa majani na tope mpaka kwenye mpaka wetu, wakaruka, wakaanza tena ng'ambo ya mpaka wetu. Mbele ya nyumba yetu tu palibaki uchafu, kama jino bovu mdomoni.

Satomi akavaa buti, akashuka majini peke yake. Nilichukua reki nikashuka naye. Maji yalikata mifupa. Bi Hatsuyo alikuwa dirishani kwake anakunywa chai. Satomi hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenilaumu. Nilikuwa natazama mgongo wake ukiinama na kuinuka, nikakumbuka yale ya koleo na theluji.

25 Novemba
Theluji ya kwanza. Ubao haujafika.

30 Novemba
Nitaliandika hili hata kama linanichoma. Tulikwenda mjini, dukani. Satomi alikuwa upande wa mboga. Mimi miguu ikanipeleka kwenye rafu ya biskuti za zawadi, zile za mikebe. Nikasimama. Nilikuwa naona mgongo ule ndani ya mfereji. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, nikanyoosha mkono, nikachukua wa kwanza.

Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya kigari. "Mama, hiyo ya nini?"

"Natazama bei tu."

Satomi akautazama mkebe, akanitazama mimi.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Tukanunua kabeji, tukarudi nyumbani. Kwenye daraja niliona anajizuia kucheka.

4 Desemba
Theluji. Tatsuya amepanda juu ya paa kuiondoa. Ubao haujafika.

10 Desemba
Mkutano wa mwisho wa mwaka wa umoja wa wanawake. Hatukualikwa, lakini hauhami Jumapili ya pili ya Desemba tangu niolewe, na ukumbi ule tumeupiga deki sote. Tulikwenda tukakaa karibu na jiko la mafuta, mahali pangu.

Bi Hatsuyo alisoma hesabu, akasoma zamu za kuondoa theluji. Jina la nyumba yetu halikusomwa. Kisha akakunja karatasi yake, akasema huku anatazama dari, "Siku hizi kuna nyumba zinaijua sana njia ya kwenda Tokyo. Njia ya kuja kwa jirani imeota majani."

Wanawake wakatazama ndani ya vikombe vyao. Nikavuta pumzi. Nilikuwa na jibu, tena lenye miiba. Mkono wa Satomi ukatua gotini kwangu, ukanikandamiza chini kama mtu anayekandamiza figili za kutia chumvi kwenye pipa. Akasimama yeye. Akainama vizuri, kwa adabu zote za duniani.

"Bi Hatsuyo, utusamehe. Ulituletea bahasha mara tatu, na mara tatu ukasema tusilete kitu, ya mwisho humu humu ukumbini. Mimi ni mgeni hapa, nina miaka kumi na minne tu. Nilidhani wenyeji husema wanachokitaka. Kama ulikuwa unataka biskuti, sema sasa mbele ya wote, usione haya. Kesho nakwenda mjini, nitakununulia."

Kila mtu alikuwa anamtazama Bi Hatsuyo, na Bi Hatsuyo hakuwa na pa kupita. Akisema anataka, ameomba biskuti hadharani kama mtoto. Akisema hataki, ametununia kwa kitu gani?

"Nani amesema nataka biskuti?" akasema.

"Basi hatuna deni," akasema Satomi. "Ndiyo furaha yangu. Na ubao tuutazamie lini? Zamu ya theluji pia hatujaisikia yetu, na koleo tunazo mbili."

Mtu akacheka. Nilipogeuka nikaona ni Bi Sadae, yule wa maneno machache, ameinamia kikombe na mabega yanamtikisika. Kisha mwingine akacheka, kisha wa tatu. Bi Hatsuyo akafungua karatasi yake, akaandika kitu kwa kalamu, ameukunja mdomo.

Tofu gani! Niliandika humu kwamba huyu ni tofu. Neno hilo nimelikata kwa mstari.

12 Desemba
Ubao umefika. Ulikuwa umeegemezwa langoni bila hodi, bila neno. Nimepiga muhuri kwa nguvu mpaka wino umetokea upande wa pili. Zamu yetu ya theluji ni Alhamisi, na mwenzetu wa zamu ni nyumba ya Bi Hatsuyo.

14 Desemba
Tumeondoa theluji pamoja. Bi Hatsuyo amenisalimu kwa kunieleza kwamba nashika koleo vibaya. Nimemweleza kwamba goti lake ndilo linaloharibu mstari.

15 Desemba
Bi Sadae amekuja mchana, amevaa koti la safari. Akakaa mlangoni kwenye ukingo wa sakafu, viatu hakuvivua.

"Nakwenda Osaka kwa binti yangu," akasema. "Mjukuu wa pili ana miaka mitano. Sijamwona ila kwenye simu."

"Mbona hukwenda siku zote?"

"Kila mwaka nafungasha begi. Kisha naanza kuhesabu nyumba, naona nauli imeliwa na zawadi. Nalifungua, natundika nguo." Akanitazama usoni. "Bi Kikue, sitakuletea kitu."

"Ukiniletea kitu nakurudisha nacho mlangoni."

"Hata kipande cha keki?"

"Hata karatasi ya keki."

Akacheka kwa sauti. Tumekuwa majirani zaidi ya miaka hamsini na sikujua kwamba ana jino la dhahabu huku nyuma. Kuku wake nitawalisha mimi.

24 Desemba
Bi Sadae amerudi. Alikaa siku nyingi kuliko alizopanga. Amenenepa. Alisema inampasa azunguke nyumba zote kusalimu, ila peke yake miguu inakuwa mizito. Nilinyanyuka nichukue koti. Satomi akaniwahi. "Kaa, Mama, barafu ni nyingi. Nitakwenda naye mimi."

Niliwatazama kutoka dirishani wakienda mlango kwa mlango, mikono minne mitupu. Kwa Bi Hatsuyo waliingia ndani, wakakaa mpaka chai yangu ikapoa. Satomi alirudi anatafuna.

"Unakula nini?"

"Figili ya chumvi ya Bi Hatsuyo. Ametulazimisha."

"Ikoje?"

"Mama, chumvi! Ulimi umeniwaka."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia ni tamu sana."

"Basi shauri yako," nikasema.

25 Desemba
Bi Hatsuyo ameleta ndoo nzima ya figili. "Mkwe wako anaipenda," akasema. Satomi ameipokea ameinama, macho yake yananiomba msaada. Sikumpa.

Mimi nimemwambia Hatsuyo palepale mlangoni kwamba figili yake imezidi chumvi.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimeileta huku." Akavua viatu, akaingia, akadai chai.